Kuunga betri za sola sambamba nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye mfumo mdogo wa nyumbani: paneli juu ya bati, chaji kontrola ukutani (inayosimamia chaji ya betri), inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230), na betri mbili, tatu au nne kwenye kona ya stoo. Mifano mingi ni ya betri za risasi na asidi za volti 12, kwa kuwa ndizo bado zimejaa majumbani. Lithiamu ina sehemu yake huko chini.

## Mambo ya mwanzo

Kuunga sambamba maana yake nini?

Chanya ya betri moja inaungwa na chanya ya nyingine, na hasi na hasi. Volti zinabaki zilezile, ila uwezo wa kuhifadhi, unaopimwa kwa ampea-saa (Ah), unajumlishwa. Betri mbili za volti 12 na 100Ah zikiungwa sambamba, au paralo kama mafundi wengi wanavyosema, zinakuwa betri moja ya volti 12 yenye 200Ah.

Na mfululizo je?

Hapo chanya ya moja inakwenda kwenye hasi ya nyingine. Volti zinajumlishwa na Ah zinabaki: betri mbili zilezile sasa ni volti 24 na 100Ah. Umeme uliohifadhiwa haubadiliki. 12 mara 200 ni wati-saa 2,400, na 24 mara 100 ni hizohizo 2,400. Atakayekwambia mfululizo "una nguvu zaidi" mwulize hesabu yake.

Nikiongeza betri ya pili nitapata umeme mara mbili?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Betri haizalishi umeme. Ukiongeza betri bila kuongeza paneli, umeongeza matangi wakati bomba ni lilelile.

Tuchukue paneli ya wati 200. Siku nzuri yenye saa 5 za jua kali itatoa kama wati-saa 1,000, na baada ya kutoa upotevu wa joto, vumbi, waya na kontrola, kinachofika kwenye betri ni kama 700. Betri moja ya 100Ah iliyotumika hadi nusu inadai wati-saa 600, na kwa kuwa betri ya risasi hairudishi yote inayopewa, inahitaji karibu 700 ili ijae. Maana yake paneli hiyo inatosha kujaza betri moja tu kwa siku. Ukileta ya pili na matumizi yakapanda, zote mbili zitakuwa zinalala nusu tupu kila usiku. Betri ya risasi isiyojaa kwa wiki kadhaa huota salfeti ngumu kwenye pleti, na uwezo wake hupungua bila kurudi.

Kipimo cha haraka ni hiki: paneli zako ziweze kutoa ampea zisizopungua sehemu ya kumi ya Ah zote. Betri mbili za 100Ah zidai ampea 20, na nne zidai 40. Kama hufiki hapo, nunua paneli kwanza.

Nibaki volti 12 au nihamie 24?

Angalia inveta. Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi kwa nguvu zote kwenye volti 12 huvuta ampea 83, na ukihesabu upotevu wake wa ndani inafika kama 93. Kwenye volti 24 ni nusu ya hizo. Mkondo ukiwa mkubwa, waya lazima uwe mnene, viungo vinapata moto na kosa dogo linaonekana haraka. Kwa taa, televisheni, redio, simu na feni moja, volti 12 inatosha kabisa. Ukianza kufikiria friji na pampu ya maji, hamia 24 mapema, kwa maana inveta ya volti 12 haigeuzwi kuwa ya 24. Inveta za wati 3,000 kwenda juu ni vizuri zikae kwenye 48.

Ukihamia 24 ukiwa na taa za volti 12, soma swali la taa hizo kwenye sehemu ya mwisho kabla hujagusa chochote.

## Kabla ya kuunga

Betri zipi zinafaa kukaa pamoja?

Aina moja, Ah sawa, kampuni moja, modeli moja, umri mmoja. Kama unaweza, zinunue siku moja duka moja na uangalie tarehe iliyopigwa muhuri kwenye kasha. Betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa si mpya, hata kama plastiki yake bado inang'aa.

Betri ya maji haikai na betri kavu. Betri ya jeli haikai na AGM (ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo), ingawa zote mbili watu huziita kavu. Kila aina ina volti yake ya kujazia: ya maji inataka takriban 14.4 hadi 14.8, ya jeli huishia karibu 14.2. Ukiweka kontrola kwenye kiwango cha moja, unaikosea nyingine kila siku ya Mungu.

Nina betri ya miaka miwili bado inafanya kazi. Naweza kuiunga na mpya?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza kwa kawaida ameshainunua hiyo mpya. Kwa betri za risasi, jibu ni usifanye hivyo.

Betri iliyozeeka ina ukinzani (kinachozuia mkondo kupita) mkubwa zaidi ndani yake na uwezo mdogo. Ukiwasha inveta, mpya ndiyo itakayobeba mzigo, ya zamani itafuata kwa mbali. Asubuhi paneli zikianza kuchaji, ya zamani hupanda volti haraka kwa kuwa haina nafasi kubwa ya kuhifadhi. Kontrola ikisoma volti imepanda, hupunguza mkondo mapema na mpya inabaki na njaa. Usiku ya zamani huendelea kujimaliza yenyewe polepole, na kwa vile zimeshikana, mpya huimwagia chaji yake hadi alfajiri. Baada ya miezi kadhaa unakuwa na betri mbili za zamani.

Wapo watakaokwambia wamefanya hivyo na mambo yanakwenda. Huenda ni kweli, hasa kama ya kwanza haijamaliza miezi sita na haikuwahi kutumika hadi inveta ikapiga kelele. Baada ya hapo unacheza kamari. Njia nzuri ya kuitumia betri ya zamani ni kuipa kazi yake peke yake: paneli ndogo, kontrola ndogo, taa za nje na chaja ya simu. Itamalizia maisha yake bila kuiburuza nyingine.

Moja ni 100Ah, nyingine 200Ah. Je?

Kama ni za aina moja na umri mmoja, haziungui. Ile kubwa ina ukinzani mdogo, kwa hiyo itabeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo, karibu kwa uwiano wa ukubwa wake. Lakini ukinzani hauendi sawasawa na Ah zilizoandikwa kwenye lebo, hivyo baada ya muda moja itachoka kabla ya nyingine. Inavumilika pale ambapo hakuna namna. Usiipange hivyo tangu dukani.

Angalizo: tunazungumzia sambamba tu. Kwenye mfululizo, kuchanganya Ah ni kuiua betri ndogo.

Betri za gari, N70 na N100, zinafaa?

Zitawasha taa, ndiyo. Lakini pleti zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kupiga stata kisha kujazwa na alteneta. Ukizitumia hadi nusu kila usiku hazichukui muda kufa. Betri ya sola ya Ah hizohizo huwa nzito kuliko ya gari, na uzito huo ni risasi. Dukani inyanyue zote mbili kabla ya kusoma lebo.

Kabla ya kuzigusanisha, ziwe na volti ngapi?

Zikaribiane, tofauti isizidi volti 0.1. Chaji kila moja peke yake hadi ijae, iache ipumzike saa kadhaa bila kuunganishwa na kitu, ndipo upime kwa multimita. Betri ya maji iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7; 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Betri kavu za AGM husoma juu kidogo, karibu 12.8 hadi 13.

Ukiunga ya 12.7 na ya 12.1, tofauti ni volti 0.6. Ukinzani wa betri mbili na waya kwa pamoja ukiwa omu 0.02, ampea 30 zitapita papo hapo kutoka moja kwenda nyingine bila kifaa chochote kuwashwa. Ndiyo ile cheche inayomshtua mtu akaangusha spana.

## Waya, viungo na fyuzi

Waya za inveta nizifunge kwenye betri ipi?

Chanya kwenye betri ya kwanza, hasi kwenye betri ya mwisho. Hii inaitwa kufunga kwa mshazari, na kama utakumbuka jambo moja tu kwenye ukurasa huu liwe hili, maana ndilo linaloachwa zaidi. Ukiingia stoo nyingi utakuta nyekundu na nyeusi zote zimefungwa kwenye betri iliyo karibu na inveta, kwa sababu waya ulikuwa mfupi.

Waya kati ya betri na betri nao una ukinzani. Mdogo sana, lakini ukinzani wa ndani wa betri pia ni mdogo sana, kwa hiyo kipande cha waya kinahesabika. Chukua betri nne, kila moja omu 0.01 ndani, na kila kipande cha kuungia omu 0.0005. Vuta ampea 100 kutoka upande mmoja. Betri ya karibu inatoa 32.6, ya pili 25.9, ya tatu 21.7, na ya mwisho 19.8. Ya kwanza inafanya kazi mara moja na nusu ya zile za mbali, kila usiku, na wakati wa kuchaji ndiyo pia inayopigwa na mkondo mkubwa. Itakufa kwanza, na mwenye nyumba atasema ameuziwa feki.

Hamisha waya mmoja tu, ule wa hasi, uupeleke betri ya nne. Sasa mbili za pembeni zinatoa 26.2 kila moja na mbili za katikati 23.8. Hujaongeza senti zaidi ya mita moja ya waya.

Kwa betri mbili mshazari unagawa sawa kabisa, alimradi vipande vya kuungia viwe na urefu na unene mmoja.

Kwa betri tatu au nne mshazari unatosha?

Unatosha kwa nyumba nyingi. Kilicho bora zaidi ni basbaa: kipande kinene cha shaba kwa ajili ya chanya, kingine kwa hasi, na kila betri inaleta waya zake mbili hapo. Sharti ni kwamba waya zote za kutoka betri ziwe na urefu sawa. Ya karibu ikipewa sentimita 30 na ya mbali sentimita 90, umerudi kulekule. Waya unaobaki upinde nyuma ya betri, usiukate.

Faida nyingine ya basbaa ni kwamba unaweza kutoa betri moja kuipima bila kuzima nyumba nzima.

Waya uwe na unene gani?

Usikisie kwa macho. Ganda nene la plastiki linadanganya. Kwa inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12, iliyo mita 1.5 kutoka kwenye betri, waya wa shaba wa milimita za mraba 35 unakaa vizuri, na vipande vya kati ya betri visiwe chini ya 25. Ukitumia waya wa 6, ule wa kuungia jiko la umeme, kwa ampea 93 utapoteza karibu volti 0.8 njiani. Inveta itasoma betri imeisha na kuzima wakati betri bado ina chaji, na waya wenyewe utalainika.

Weka inveta karibu na betri. Urefu uache kwenye waya wa volti 230 unaokwenda kwenye taa na soketi.

Lagi (vipande vya chuma vyenye tundu mwishoni mwa waya) zibanwe au zichomewe?

Zibanwe kwa mashine ya kubania. Kugonga lagi kwa nyundo juu ya jiwe kunaacha nafasi ndani, nafasi inaingiza hewa na mvuke wa asidi, shaba inageuka kijani na ukinzani unapanda. Kuchomea kwa risasi peke yake nako si salama: kiungo kikipata moto, risasi inayeyuka na waya unachomoka.

Sugua kichwa cha betri hadi king'ae, kaza lagi moja kwa moja juu yake, ndipo upake grisi kwa juu. Washa (ile pete bapa ya bolti) isiwe kati ya lagi na kichwa cha betri. Nimekuta washa ya chuma ikiwa imebadilika rangi kuwa ya bluu kwa moto mahali hapo, na betri tatu zikilaumiwa bure.

Kila betri inahitaji fyuzi yake?

Ukiwa na betri zaidi ya moja sambamba, ndiyo. Betri moja ikishoti ndani, wenzake wote humimina mkondo ndani yake, mamia ya ampea, na hakuna kitu cha kuwazuia. Fyuzi ya waya mkuu wa inveta haisaidii hapo, kwa kuwa mkondo haupiti kwake.

Fyuzi inakaa upande wa chanya, karibu na kichwa cha betri kadiri inavyowezekana. Ukubwa wake unafuata waya, maana kazi yake ni kuulinda waya usiungue. Kwa mfano wetu wa wati 1,000 na betri mbili: fyuzi ya ampea 100 kwa kila betri yenye waya wa 25, na ampea 125 kwenye waya mkuu wa 35. Ikikatika fyuzi moja, betri iliyobaki bado inaweza kubeba mzigo hadi ugundue.

Naweza kutumia breka ya kawaida ya nyumba?

Hapana. Breka ya umeme wa gridi hutegemea mkondo kupita sifuri mara 100 kwa sekunde ndipo cheche yake izimike. Mkondo wa betri haupiti sifuri. Breka inaweza kufunguka na cheche ikaendelea kuwaka ndani hadi plastiki ikayeyuka. Nunua iliyoandikwa DC pamoja na volti zake.

Chaji kontrola ifungwe wapi?

Palepale pa inveta: chanya ya betri ya kwanza, hasi ya betri ya mwisho, au kwenye basbaa. Kontrola ikifungwa kwenye betri moja na inveta kwenye nyingine, moja inachajiwa zaidi na nyingine inatumika zaidi.

Kwenye kuwasha, betri huunganishwa na kontrola kwanza, paneli baadaye. Kwenye kuzima, paneli hutoka kwanza. Kontrola nyingi hutambua kama mfumo ni wa volti 12 au 24 kwa kusoma betri, na zikikutana na paneli peke yake zinaweza kukosea au kuungua.

## Lithiamu

Betri za lithiamu zinaungwa sambamba kwa namna ileile?

Mshazari, urefu wa waya na fyuzi, yote yanabaki. Kilichobadilika ni kwamba kila betri ina saketi yake ya ulinzi, ile inayoandikwa BMS, ambayo huikata betri ikiona mkondo umezidi au seli imejaa kupita kiasi. Hapo ugawanaji unakuwa jambo zito zaidi. Betri mbili zenye kikomo cha ampea 50 kila moja zinaweza kubeba 93 za inveta yetu zikigawana sawa. Lagi moja ikilegea, moja inabeba 60, saketi yake inakata, nyingine inabaki na 93 na kukata hapohapo. Nyumba inakuwa giza na betri zote zimejaa.

Soma kijitabu cha mtengenezaji kujua ni ngapi zinaruhusiwa pamoja. Zipo zinazokubali nne na zipo zisizokubali kabisa. Zile kubwa za volti 51.2 zinazokaa kwenye raki huwa na waya wa mawasiliano na swichi ndogo za kuipa kila betri namba yake. Namba zikigongana inveta haizioni zote.

Kupima volti kabla ya kuunga kunatosha kwa lithiamu?

Hakutoshi. Volti za LiFePO4, aina ya lithiamu ya betri hizi, hazishuki sana katikati ya safari. Betri inayosoma 13.3 na inayosoma 13.1 zinaweza kutofautiana karibu nusu ya ujazo wake. Chaji kila moja peke yake hadi 14.4 au 14.6 kama kijitabu kinavyosema, na mkondo ushuke karibu na sifuri, ndipo uziunge.

Naweza kuchanganya lithiamu na betri ya maji ili kupunguza gharama?

Usichanganye. Ikipumzika, lithiamu inakaa volti 13.2 hivi, juu ya betri ya risasi iliyojaa, kwa hiyo itakuwa inaichaji ya risasi usiku kucha bila faida.

## Matunzo na hitilafu

Nikipima, betri zote zinasoma volti sawa. Nitajuaje mbovu ni ipi?

Zikiwa zimeungwa sambamba lazima zisome sawa. Huo ndio mtego wake. Zitenganishe jioni baada ya kujaa, ziache hadi asubuhi, kisha pima moja moja. Iliyoshuka hadi 12.3 wakati wenzake wako 12.7 umeipata. Kama ni za maji, fungua vifuniko na upime kila seli kwa haidromita (kipimo cha uzito wa asidi): seli moja ikisoma 1.150 wakati tano zina 1.260, betri hiyo imekwisha.

Ukiwa na mita ya kubana inayopima DC huhitaji kutenganisha. Washa mzigo, bana waya wa kila betri kwa zamu. Inayotoa ampea 8 wakati jirani anatoa 30 ama imechoka ama kiungo chake ni kibovu. Kutofautisha, gusa ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha betri na nyingine juu ya lagi yake, mzigo ukiwa umewashwa. Kiungo kizuri kinasoma milivolti chache tu.

Betri moja inapata moto na inanuka mayai viza. Nifanye nini?

Zima paneli, zima inveta, fungua milango na madirisha, na uitoe betri hiyo kwenye kundi. Usiwashe kiberiti, usivute sigara, usiendelee kuchaji ili "uone". Kwa kawaida seli moja imeshoti: betri imeshuka kwa volti 2 na kuwa ya 10.6 hivi, wenzake wanaimiminia, kontrola inaona volti ni ndogo na inazidi kusukuma. Ubavu wa kasha ukiwa umevimba, isirudi tena kazini hata ikipoa.

Zilizobaki ziangalie kwa utaratibu wa swali lililotangulia kabla ya kuziwasha. Siku hizo chache zimekuwa zikimwaga umeme kwa mgonjwa.

Betri moja inamaliza maji haraka kuliko nyingine.

Inapata chaji zaidi. Angalia kwanza mahali waya zilipofungwa, kwenye swali la mshazari. Mara nyingi utakuta ndiyo betri ya karibu na kontrola. Kama waya ziko sawa, fikiria seli inayoanza kuharibika.

Maji gani yaongezwe, na lini?

Maji ya betri yaliyokenekwa, baada ya chaji kujaa, hadi alama ya juu. Kama pleti ziko wazi kabisa, ongeza kidogo ya kuzifunika kabla ya kuchaji. Maji ya bomba, kisima au ya mvua yaliyopita kwenye bati yana madini na uchafu unaoharibu pleti. Asidi haiongezwi, kwa kuwa kinachopungua ni maji. Asidi inabaki ndani.

Ni kweli betri ikiwekwa kwenye sakafu ya saruji inaisha chaji?

Si kweli kwa kasha za plastiki za leo. Ziinue juu ya ubao ili zisipate maji ya kudekia na ili uone asidi ikivuja, basi.

Joto la pwani linazidhuru?

Sana. Betri ya risasi iliyoundwa kwa nyuzi 25 hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, betri iliyo chini ya bati bila dari haifanani na ya Njombe. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya betri na betri, na usiiweke ya mwisho ikagusa ukuta unaopigwa na jua la mchana, maana ya moto huchukua mkondo zaidi ya wenzake.

Kontrola yenye waya mdogo wa kupima joto, ubandike ubavuni mwa betri ya katikati. Hupunguza volti za chaji kama 0.02 hadi 0.03 kwa kila nyuzi inayopanda. Watu wengi huuacha ndani ya boksi.

## Mifumo isiyo ya kawaida

Nina betri nne na nataka volti 24. Nianzie wapi?

Unga mbili mbili kwa mfululizo, upate minyororo miwili ya volti 24, kisha minyororo hiyo uiunge sambamba kwa mshazari. Kila mnyororo uwe na fyuzi yake. Mara kwa mara pima kila betri ndani ya mnyororo: kama moja inasoma 13.0 na mwenzake 14.4 wakati wa kuchaji, mnyororo huo umeacha kulingana.

Naweza kuunga sambamba minyororo mingapi?

Miwili ni raha, mitatu inakubalika, minne ndiyo mwisho kwa betri za risasi. Ukiona unahitaji mitano, ulipaswa kununua betri kubwa zaidi au kupandisha volti.

Mfumo wangu ni wa volti 24. Naweza kuchukua taa za volti 12 kwenye betri moja?

Usifanye hivyo, hata kwa taa moja. Betri unayoichukulia itakuwa tupu kila asubuhi kuliko mwenzake, na kwa kuwa kontrola inasoma jumla tu, ile isiyo na taa itazidishiwa chaji na yenye taa haitajaa. Nunua kigeuzi cha 24 kwenda 12 ukifunge kwenye ncha za mfumo mzima.

Kontrola mbili zinaweza kuchaji kundi moja la betri?

Zinaweza, kila moja na paneli zake, zote zikifungwa sehemu moja kama ilivyoelezwa juu na zikiwekewa volti zilezile. Moja itatangulia kupunguza mkondo kabla ya nyingine. Hilo ni kawaida. Usiunge paneli zilezile kwenye kontrola mbili.

Betri zilizokufa nizipeleke wapi?

Kwa muuzaji anayepokea chakavu na kuzipeleka kiwanda chenye kibali. Risasi yake ina thamani, na wengi hukupunguzia bei ya mpya. Usimpe mtu anayezivunja uani na kumwaga asidi mtaroni. Kwenye kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi mwilini, watoto wakiwemo, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Wakati wa kusafirisha, betri ikae wima, vifuniko vikazwe, na vichwa vyake viviringishwe tepu. Hata iliyokufa bado ina uwezo wa kuwasha moto ikigusana na kipande cha nondo nyuma ya pikapu.